Kipimajoto cha Gari la Omer

Jumamosi asubuhi, uji ukiwa bado unafuka mezani, fundi Banza aliweka kiganja juu ya rejeta ya Peugeot 404 ya Mama Evodie akakuta ni baridi. Akaenda kuchungulia dirishani. Mshale wa kipimajoto ulikuwa umesimama kwenye themanini. Injini yenyewe haikuwa imewashwa tangu alipoijaribu jana. Akarudi kwenye rejeta akajaribu kiganja cha pili, kwa maana labda cha kwanza kilikuwa kimechoka, na hicho nacho kikampa jibu lile lile.

Gari hilo lilikuwa limekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba tangu wakati wa vita, limefunikwa turubai, na kuku walikuwa wamelifanya nyumba yao. Walipenda hasa kutagia juu ya dashibodi, karibu na kile kipimajoto, na mayai yao yaliangulika hata mama zao wakiwa wamekwenda kuparura kwa jirani. Mama Evodie hakuwahi kuliona hilo kuwa jambo la kujiuliza. Kuku wa kambi ya reli ya Kalemie wana tabia zao, na alikuwa na mengine ya kufikiri.

Sasa gari lilihitajika kwa ajili ya matanga. Tony, mdogo wa mume wake Omer, alikuwa amekuja kwa boti kutoka Moba na neno la ukoo: Omer amengojewa vya kutosha. Kwa kuwa mwili haupo, wazike nguo zake, kama wanavyofanya watu waliopotelewa na ndugu ziwani. Seremala alikuwa ameshapima sanduku kwa suti ya Omer ya harusi. Mama Evodie alikubali, ila kwa sharti moja, kwamba nguo hizo ziende makaburini ndani ya 404. Tony alisema pikipiki ya magurudumu matatu ingetosha. Mama Evodie alimtazama mpaka akasema 404 ni wazo zuri.

Zamani, gari hilo ndilo lililopeleka kanisani maharusi wote wa kambi ya reli. Omer alivaa shati jeupe, akafunga kitambaa kwenye kioo cha pembeni, akapiga honi kwa mapigo yale yale aliyopiga akiingiza treni kutoka Kabalo: ndefu, fupi, kisha ndefu tena kama mtu anayeita jina la mtu. Alikuwa mashinisti, dereva wa treni, na aliendesha kila kitu kama treni, hata toroli la mchanga. Siku hizo treni iliingia na muhogo, mawese, kuku wenye hasira na mashangazi ambao hawakutangaza kwamba wanakuja. Wanawake walijua kwa honi tu mume wa nani anarudi, wakaongeza maji kwenye chungu. Leo treni ikipita inapita, na hakuna anayeongeza chochote.

Lakini Omer hakuwa marehemu kama marehemu wengine. Wakati wa vita, mkuu wa stesheni alimwagiza kwa mdomo achukue lokomotivu aende Nyunzu kuleta watu waliokuwa wanakimbia. Omer akaenda. Wiki hiyo hiyo mkuu akavuka ziwa kwenda Kigoma, na huko akazeeka, na huko akazikwa. Waliokalia kiti chake walikuta treni haipo na mashinisti hayupo. Ilikuwa rahisi zaidi kusema kwamba treni haikuondoka, kwamba lokomotivu hiyo ilikuwa imekatwa vyuma zamani, na kwamba mashinisti alitoroka kazi. Wakasema hivyo. Waliowafuata kitini wakaendelea kusema hivyo, kwa heshima ya waliotangulia.

Tangu hapo Omer aliitwa mutoro, na Mama Evodie akawa muke wa mutoro, hata midomoni mwa watu aliowagawia chumvi. Kambi ya reli ina desturi yake. Mashinisti akifa, lokomotivu inapiga honi stesheni, na wenzake wanabeba sanduku wakiwa wamevaa kofia za kazi. Mtoro hapigiwi honi. Hilo lilimuuma Mama Evodie kuliko ujane wenyewe, na alikuwa akilia kwa ajili yake anapokata vitunguu, ili asiulizwe.

Banza aliondoa uji mezani akaanza kazi kwa utaratibu. Alichomoa waya kwenye sonda, ile njugu ya shaba inayoonja joto la maji ya injini. Mshale ulipaswa kuanguka, haukuanguka. Akagusisha waya kwenye bodi ya gari, mshale ulipaswa kuruka mpaka mwisho, haukuruka. Akafungua sonda yenyewe, akaitumbukiza katika sufuria ya maji juu ya mbabula, akapuliza makaa mpaka maji yakatokota. Mshale ulibaki themanini. Akachomoa betri. Mwishowe akakitoa kipimajoto chote kwenye dashibodi, akakiweka juu ya sinia la Mama Evodie, bila waya hata mmoja. Mshale ulikuwa bado themanini, ukitetemeka kidogo, na kioo kilikuwa cha uvuguvugu.

Banza alikaa juu ya tairi akapangusa mikono. Kwa miaka yake yote karibu na soko alikuwa ameona vipimajoto vilivyokufa na vilivyopotoka. Hiki hakikuwa na dalili za huku wala za kule.

“Mama, hii kipimo haina ugonjwa,” alisema. “Inapima muzuri. Ila haipime hii motere.”

Mama Evodie alimuuliza basi kinapima injini gani. Banza alimjibu kwamba hilo ndilo yeye alitaka kumuuliza mwenye gari. Kipimajoto kilikuwa kipana kama kisahani cha chai, na 404 haikutoka kiwandani na kitu cha namna hiyo. Mtu alikata dashibodi kwa msumeno ili kikae.

Hapo Mama Evodie alikumbuka. Kila gari la kambi ya reli lilikuwa na kipande cha treni ndani yake. Moja lilikuwa na pazia la behewa la daraja la kwanza, lingine nati, lingine kiti kizima. Haukuitwa wizi, watu walisema gari limepewa undugu na treni. Kipimajoto cha 404 kilipokufa, Omer alichukua kimoja kwenye lokomotivu yake, ambayo ilikuwa na chumba cha dereva mbele na kingine nyuma, na kila chumba na kipimajoto chake. Alichukua cha nyuma usiku wa kuamkia safari. Alisema atakirudisha akitoka Nyunzu.

Wakamwita Papa Hénoc, mashinisti mstaafu wa nyumba ya tatu, aliyekuwa bado anavaa kofia ya kazi anapokwenda kununua mkate. Alikunywa chai kwanza. Kisha alikipakata kipimajoto mapajani akakitazama, huku Tony akitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye gari na kurudi. Chai ya pili ilipopoa, Papa Hénoc alikirudisha kwenye sinia.

“Omer hatembee,” alisema. “Angekuwa anatembea, mungeona inapanda ku mulima na inashuka. Amesimama, na motere iko inawaka. Anangojea njia.”

“Fasi gani?” Mama Evodie aliuliza.

“Mashinisti anangojeaka njia fasi moja tu, Mama. Ku mukono.”

Mkono uko nje ya mji, mahali ambapo reli inakaribia mto Lukuga na matete yanaanza. Ni nguzo ya chuma yenye ubao mwekundu juu yake. Ubao ukinyooka, treni inasimama. Stesheni ikiridhika, inauinamisha, na treni inaingia. Kila mtoto wa kambi anajua hilo kabla ya kujua kusali, na kila mashinisti anaapa kwamba hatapita mkono ulionyooka hata nyumba yake ikiwa inaungua upande wa pili.

Banza alikirudisha kipimajoto mahali pake, akafunga sonda na betri, akalishusha gari kutoka juu ya mawe, akatia maji kwenye rejeta, wakaenda wote. Mama Evodie aliendesha mwenyewe. Omer alimfundisha kuendesha katika gari hilo hilo, akimfokea kwa upole, na sasa miguu yake ilikumbuka kabla yake. Harufu ya viti ilikuwa ya kuku, na chini ya kuku ilikuwa ya sigara za Omer. Moyo wake ulikuwa unadunda, na alifurahi kwamba hakuna kipimo kinachouonyesha.

Kwenye mkono hapakuwa na treni ya kuonekana. Matete kando ya reli yalikuwa yamelalia upande mmoja, na yalitetemeka ingawa upepo haukuwapo. Kokoto zilikuwa na joto. Matone ya mafuta meusi yalianguka kutoka hewani juu ya kokoto, moja baada ya lingine, mapya kabisa. Injini ilikuwa inanguruma kwa sauti ya chini, sauti ya kitu kisichovuta mzigo. Huko nyuma, kufuata reli, mtu alikohoa, mtoto akalia akanyonyeshwa, na mwanamke aliuliza kama wamefika.

“Evodie,” sauti ya Omer ilisema kutoka juu, mahali ambapo dirisha la dereva lingekuwa. “Muko bazima?”

“Tuko. Na weye?”

“Niko. Nangojea njia.”

Waliongea kidogo mambo ya nyumbani. Omer aliuliza kuhusu paa, akaambiwa lilibadilishwa. Aliuliza kuhusu binti yao Fanny, akaambiwa ana watoto na yuko Lubumbashi. Akasema kwa hiyo hakupelekwa kanisani kwa 404. Mama Evodie akasema hapana, alikwenda kwa teksi. Hilo lilimhuzunisha Omer kuliko habari ya paa. Kisha akaisikiliza 404 iliyokuwa inanguruma kando ya matete, akauliza kama fundi ameondoa kalostati, kile kizibo kinachoyazuia maji ya injini mpaka yapate joto. Banza alikiri kwamba ameiondoa na kuitupa. Omer akasema mafundi wa Kalemie hawajabadilika hata kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu wafike sauti yake ilikuwa na kicheko ndani.

Tony, ambaye alikuwa na haraka ya asili, alipanda nguzo akaning'inia kwenye ubao kwa uzito wake wote mpaka ukainama.

“Mwambie Tony ashuke,” Omer alisema. “Njia inatokaka ku biro. Haitokake ku tumbo ya Tony.”

Tony alishuka akipangusa kutu kwenye suruali. Hapo ndipo Mama Evodie aliposogea mpaka joto la injini likampiga usoni, akasema lile lililokuwa kifuani mwake tangu vita. Alimwambia Omer ashuke. Alimwambia nyumba iko karibu, gari lipo, kitanda ni kile kile. Hakumwambia kwamba seremala alikuwa ameshapiga randa ubao wa sanduku, na aliona aibu.

Omer alimjibu kutoka juu.

“Niache motere inawaka, na batu mu mabehewa?” alisema. “Evodie, nikishuka bila njia, hapo njo nitakuwa mutoro kweli.”

Mama Evodie alikasirika, kwa hasira ile ile ya siku alizomngojea na chakula kikapoa. Alimpenda pia, kwa sababu ile ile, na hakuweza kuyatenganisha hayo mawili. Akasema sawa. Akasema ataenda biro, kwenye ofisi ya mkuu wa stesheni.

Siku ya kazi ilipofika alikwenda, amevaa kitenge cha sherehe. Mkuu wa stesheni wa sasa aliitwa Didier, mtu mwenye adabu aliyesimama wazee wanapoingia. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumwambia kwamba anaota, maana baba yake mwenyewe alikuwa amefanya kazi kwenye reli. Alichukua kofia yake akaenda naye mpaka kwenye mkono, akiwa amekaa mbele ndani ya 404, akikitazama kipimajoto njia nzima.

Pale kwenye matete tone la mafuta lilimwangukia juu ya kiatu. Alilipangusa kwa jani.

“Jambo, Chef,” Omer alisema.

“Jambo, Papa Omer.”

“Naomba njia.”

Didier alivua kofia. Ilikuwa inaonekana kwamba neno lilimpa tabu, na alilisema vizuri, pole pole, kama mtu anayemwelekeza mgeni.

“Papa, weye ni mukubwa kwangu. Motere naisikia, batu nabasikia. Lakini kwa biro, hii treni haikutoka. Sasa treni yenye haikutoka, nitaipa namna gani njia ya kuingia?”

Alieleza kwamba yeye pia ana wakubwa wake, na wakubwa watamuuliza treni hii imetoka wapi, na kwa agizo la nani. Alikuwa na njia moja ya kusaidia. Papa Omer ashuke, aje biro kwa miguu yake, aseme kwamba alitoroka na sasa amerudi. Mambo ya vita yalishasamehewa. Angekunywa chai nyumbani kwake siku hiyo hiyo. Na treni? Mama Evodie aliuliza. Didier akasema hakuna treni, akasogeza mguu ili tone lingine lisimpate.

Injini ilinguruma. Nyuma kule mwanamke yule aliuliza tena kama wamefika, na mtu akamjibu kwamba bado kidogo.

“Basi nitangojea ule Chef mwenye alinituma,” Omer alisema. “Yeye anajua nilitoka.”

Hakuna aliyemwambia kwamba mkuu huyo alishazikwa Kigoma. Didier alitazama kofia yake, Mama Evodie alitazama reli. Alikuwa amekuja na bisibisi ndani ya mkoba, na ili kusema kitu, alimwambia Omer kwamba kipimajoto chake kipo, alisema atakirudisha, basi kama anakihitaji atakifungua sasa hivi.

“Baki nayo,” Omer alisema. “Nina ingine huku mbele. Siku utaona imepoa, hapo mutafanya matanga.”

Matanga hayakufanyika. Suti ya harusi ilirudi kabatini. Sanduku la seremala liliwekwa jikoni, na ni zuri sana kwa kuhifadhi mahindi, panya hawaliwezi. Tony alirudi Moba kwa boti akawaeleza wazee wa ukoo kwamba kaka yake yuko kazini, na wazee waliona hiyo ni sababu ya kutosha.

Kila Jumapili baada ya misa Mama Evodie anapeleka chakula. Anapika ugali wa muhogo na mikebuka, samaki wa ziwani ambao Omer anawapenda wakiwa wamekauka kidogo pembeni. Anaacha sahani juu ya kokoto, anakaa ndani ya gari mlango ukiwa wazi, na wanaongea habari za zamani mpaka jua lianze kuchoma kiti. Wanakumbuka bibi harusi aliyekataa kushuka kwenye 404 kwa sababu kiti kilikuwa laini. Wanakumbuka treni iliyobeba ng'ombe wa askofu. Sahani hurudi safi. Habari ilipoenea, wanawake wengine wenye ndugu waliopotea njiani kutoka Nyunzu walianza kwenda na sahani zao, wakiziacha kufuata reli kwa urefu wa mabehewa, na hizo nazo hurudi safi. Mmoja alirudishiwa sahani yenye shanga za mama yake ndani. Alizivaa akarudi nyumbani.

Sokoni Mama Evodie bado anaitwa muke wa mutoro. Biro haikubadilisha neno, na watu hawana neno lingine. Kiangazi kilichofuata Tony alikuja tena kuuliza, kwa kuwa ukoo husahau. Mama Evodie alimpeleka kwenye gari, akamwondoa kuku juu ya dashibodi, akaushika mkono wa shemeji yake akauweka juu ya kioo, nyuma ya vidole kwanza, kama anavyopimwa mtoto homa.

“Bado,” alisema, na akaenda kutia maji kwenye chungu.

Mwezi huo biro ilituma wafanyakazi wawili kwenye mkono na kopo la rangi. Walikuwa watu wa heshima. Walimsalimu Papa Omer, wakamwomba asiegemee nguzo mpaka ikauke, wakapaka ubao wote rangi nyekundu mpya, pande zote mbili. Omer aliwasifu kwa kazi safi. Kisha akawauliza kama wanajua ubao huo utainama lini.

Walisema wao wametumwa kupaka rangi tu. Ilikuwa Jumapili, Mama Evodie alikuwa amepika vya kutosha, akawapakulia na wao. Walikula wakiwa wameketi juu ya reli, wameegemeza migongo yao kwenye kitu chenye joto.